Ya Kazini na Yangu Mwenyewe: Maswali Yenu Kuhusu Akiba ya Uzeeni Marekani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, na karibu zote zinazungukia jambo moja: mtu ana akiba ya uzeeni kazini, yaani 401(k) au 403(b), na anataka kufungua nyingine ya kwake mwenyewe, IRA. Viwango tulivyovitaja ni vya mwaka wa kodi 2026. Hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo ukiusoma ukurasa huu mwakani, viangalie upya kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kabla hujatuma pesa.

SWALI: Shikamooni. Mimi ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, Minneapolis. Napata kama dola 52,000 kwa mwaka, sijaolewa. Kazini tuna 401(k), na mwajiri anaongeza senti 50 kwa kila dola ninayoweka, mpaka asilimia 6 ya mshahara. Mwenzangu wa zamu anasema mwenye 401(k) haruhusiwi kuwa na IRA. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Si kweli, ingawa mwenzako hakulitoa hewani. Amechanganya ruhusa ya kuweka pesa na ruhusa ya kupunguziwa kodi.

Tuanze na kuweka. Kwenye 401(k) unaweza kukatwa mpaka dola 24,500 kwa mwaka. Kwenye IRA unaweza kuweka mpaka 7,500, mradi usizidi kipato chako cha kazi. Vikomo hivi viwili havigusani: ukijaza kimoja, kingine kinabaki vilevile. Nyongeza ya mwajiri nayo haihesabiwi ndani ya 24,500 zako. Lakini ukifungua IRA tatu katika kampuni tatu, zote pamoja bado ni 7,500.

Mpango wa kazini unagusa kitu kingine. IRA ziko za aina mbili. Ya kawaida hukupunguzia mapato yanayotozwa kodi mwaka huu, kisha unalipa kodi ukizitoa uzeeni. Roth haikupunguzii chochote leo, lakini uzeeni unazitoa pamoja na faida yake bila kodi. Kwa IRA ya kawaida, mseja mwenye mpango kazini huanza kupoteza lile punguzo mapato yake yakifika dola 81,000, na yakifika 91,000 linakwisha kabisa. Ukitaka kujua kama IRS inakuhesabu kuwa na mpango, tazama kisanduku cha 13 kwenye fomu yako ya W-2, ile ya mshahara wa mwaka unayopewa na mwajiri: kama pametiwa alama kwenye mpango wa kustaafu, unao. Roth haijali hata kidogo kama una mpango kazini. Inatazama mapato tu, na kwa mseja mlango unaanza kufungwa kwenye 153,000 na kufungwa kabisa kwenye 168,000. Kwa dola 52,000, milango yote iko wazi kwako.

Sasa utaratibu, maana hapo ndipo watu wanapopoteza. Kwanza weka kazini asilimia 6 kamili. Kwa mshahara wako ni dola 3,120 kwa mwaka. Kama mnalipwa kila wiki mbili, ni 120 kila malipo, na mwajiri anatia 60 juu yake. Hakuna benki wala mfuko wa uwekezaji utakaokupa nusu ya pesa yako siku ileile uliyoiweka. Anayeweka asilimia 3 kwa kudhani "inatosha" anamwachia mwajiri dola 780 kila mwaka. Kinachobaki baada ya hapo kipeleke IRA. Hapo unachagua kampuni mwenyewe na mifuko ya gharama nafuu, ambayo mipango mingine ya kazini haina. Ukiijaza IRA na bado una uwezo, rudi 401(k) uongeze asilimia.

Roth au ya kawaida? Ukitoa punguzo la msingi la 16,100, ambalo huondolewa kabla ya kodi kupigwa, mapato yako yanayotozwa kodi hayafiki 36,000, na dola yako ya mwisho inatozwa asilimia 12. Kwa maoni yetu, mtu wa asilimia 12 alipe kodi yake sasa achukue Roth. Angekuwa wa asilimia 24 tungejadiliana.

Kufungua hakuchukui nusu saa: namba ya Social Security (kampuni chache hupokea ITIN, namba ya kodi ya asiye na Social Security), akaunti ya benki, na jina la mrithi. Kujaza 7,500 ni dola 625 kwa mwezi. Ukiweza 100 tu, anza na 100. Ila angalia mambo mawili. La kwanza, pesa za 401(k) hupelekwa zenyewe kwenye mfuko uliochaguliwa, lakini IRA haifanyi hivyo. Pesa ikifika hukaa kama pesa taslimu mpaka uingie tena ununue mfuko. Wako watu waliochangia miaka mitano na hawajawahi kununua kitu. La pili, kuanzia Januari mosi hadi Aprili 15 unaweza kuweka kwa ajili ya mwaka uliopita au huu. Mtandao utakuuliza mwaka gani, usibofye tu. Ya kazini haina nafasi hiyo, hukatwa kwenye mshahara wa mwaka wenyewe.

SWALI: Ni dereva wa lori, naishi Louisville. Mke wangu bado yuko Bukavu, tunasubiri viza. Nina 401(k), na mwaka huu nimeweka dola 7,500 kwenye Roth IRA. Mapato yangu ni 58,000. Anayenijazia ritani ya kodi huniandika mwenye ndoa anayejaza peke yake. Jamaa mmoja kanishtua: eti Roth siruhusiwi. Nifanyeje?

JIBU: Jamaa yako anaweza kuwa sawa au la, inategemea mlikoishi. Kwa mwenye ndoa anayejaza peke yake, mlango wa Roth unafungwa kabisa mapato yakifika dola 10,000. Ndiyo, elfu kumi, hatukusahau sifuri. Lakini kikomo hicho ni cha aliyeishi na mwenzi wake wakati wowote ndani ya mwaka. Kama mlikuwa mbali Januari mpaka Desemba, kwa mambo ya IRA unahesabiwa kama mseja, na 58,000 yako haina tatizo. Kama ulikwenda Bukavu ukakaa naye wiki kadhaa, mweleze mtaalamu wako wa kodi hivyo hivyo ilivyokuwa, na muhuri wa pasipoti umwonyeshe.

Ikionekana hukuruhusiwa, usiziache zikae. Kila mwaka zinaobaki mle unatozwa asilimia 6, yaani dola 450 kwa mwaka, mpaka uziondoe. Piga simu kwa kampuni uwaambie unataka kuondoa mchango uliozidi pamoja na faida yake. Taja maneno hayo, kwa sababu ukibofya tu kitufe cha kutoa pesa itaripotiwa kwa IRS kama utoaji wa kawaida. Mwisho ni siku ya mwisho ya ritani, Aprili 15. Aliyewasilisha kwa wakati, au aliyeomba muda, anapata hadi Oktoba 15. Njia nyingine ni kuuomba mchango uhesabiwe upya kama wa IRA ya kawaida. Kwako hautapunguza kodi, maana una mpango kazini, kwa hiyo uandikwe kwenye fomu 8606, ya michango isiyopunguziwa kodi, usije ukatozwa mara ya pili uzeeni.

Ipo pia njia ya kuchagua mke wako ahesabiwe mkaazi kwa ajili ya kodi, mjaze ritani pamoja. Ataombewa ITIN kwa fomu W-7, na mapato yake ya Kongo yatatajwa. Kama kipato chake ni kidogo, mara nyingi kodi yenu nyote wawili inashuka na suala la Roth linakwisha hapohapo.

SWALI: Nina miaka 52, muuguzi wa Lowell. Hospitali ina 403(b), wakala wa zamu za ziada ana 401(k). Kote nakatwa. Je, kila mmoja una kikomo chake?

JIBU: Hapana, dada. Zile 24,500 zimefungwa kwako wewe. 403(b) na 401(k) zinakula sahani moja. Kwa kuwa umevuka 50, unaongezewa 8,000, jumla 32,500 kote kuwili. Na kwenye IRA unaongezewa 1,100, jumla 8,600. (Wa miaka 60 hadi 63 huongezewa 11,250 badala ya 8,000, kama mpango wao unaruhusu.)

Tabu ni kwamba kompyuta ya hospitali haijui kinachokatwa kwa wakala. Kila mmoja anakuzuia kwenye rejista yake tu. Kila robo mwaka chukua hati za mshahara za kote kuwili ujumlishe mwenyewe. Ukigundua umezidisha, andikia mpango mmoja kabla ya Aprili 15 urudishiwe ziada na faida yake. Ukichelewa, ziada hiyo inatozwa kodi mwaka ulioiweka na tena mwaka utakaoitoa. Tungekushauri urudishiwe ya upande usio na nyongeza ya mwajiri.

Usijaze kikomo mapema kwa pupa. Waajiri wengi huongeza kila malipo kwa kutazama ulichokatwa kwenye malipo yaleyale. Ukimaliza Agosti, Septemba hadi Desemba hupati nyongeza, isipokuwa mpango wenu hufidia mwisho wa mwaka. Waulize ofisi ya wafanyakazi swali hilohilo. Na kama mwajiri mmojawapo alikulipa zaidi ya dola 150,000 mwaka 2025, zile 8,000 zako za umri kwake lazima ziende kama Roth ndani ya mpango huohuo, yaani bila kupunguziwa kodi sasa.

SWALI: Mume wangu ana 401(k) kwenye bohari anakofanya kazi, Houston. Mimi niko nyumbani na watoto watatu, sina mshahara. Nami naweza kuwa na akaunti yangu, au niandikwe kwenye yake?

JIBU: Unaweza kuwa na yako, kwa jina lako, na hakuna IRA ya watu wawili. Masharti ni kwamba mjaze ritani pamoja, na kipato cha kazi cha mumeo kifikie jumla ya mnachoweka nyote. Mkitaka kujaza zote mbili, ni 15,000. Akaunti hiyo unaisimamia wewe mwenyewe.

Punguzo la kodi kwa IRA ya kawaida ni jambo la kila mtu kivyake. Kwa mumeo mwenye mpango kazini linaanza kupungua mapato yenu yakifika 129,000 na kwisha 149,000. Kwako wewe usiye na mpango, linaanza kupungua 242,000. Kwa hiyo nyumba moja inaweza kukuta mke anapata punguzo na mume hapati.

Hukutaja mapato yenu, ila kama hayazidi dola 80,500, dai kwenye fomu 8880 nafuu ya wenye kujiwekea akiba. Hata katika ngazi ya chini ni asilimia 10 ya dola 2,000 za kwanza za kila mmoja, yaani hadi 400 kwa nyinyi wawili, zinazokatwa kwenye kodi yenyewe. Wengi wanaostahili hawaidai kwa sababu hakuna aliyewauliza. Kuanzia mwaka wa kodi 2027 utaratibu unabadilika: serikali itatia mchango wake kwenye akaunti badala ya kupunguza kodi.

Na mrithi! Fomu ya mrithi inashinda wosia. Kwenye 401(k) sheria inamtambua mke hata kama jina la shemeji ndilo liliandikwa kabla ya ndoa, mpaka mke mwenyewe atie saini ya kukubali, mbele ya mthibitishaji wa nyaraka (notary) au mwakilishi wa mpango. IRA haina ulinzi huo wa kitaifa. Mwombe mumeo afungue ukurasa wa mrithi leo jioni, muutazame pamoja.

SWALI: Assalamu alaykum. Niko Columbus. Mfuko wa 401(k) niliowekwa una hatifungani ndani, nami naepuka riba. Niache kabisa?

JIBU: Wa alaykumu salaam. La hukumu muulize sheikh wako. Sisi tutakueleza mitambo. Mfuko uliowekwa bila kuchagua kwa kawaida ni ule wenye mwaka wa kustaafu kwenye jina lake, na karibu yote ya aina hiyo huwa na hatifungani. Unaweza kuhama leo kwenda mfuko wa hisa tupu katika orodha ya kazini, ingawa ndani yake benki zitakuwemo. Uliza pia kama mpango wenu una dirisha la kununua mifuko ya nje, mipango mingine inalo. Kwenye IRA uhuru ni wako: ipo mifuko inayochujwa kwa misingi ya sharia, kama ile iitwayo Amana, iliyoanza miaka ya 1980. Linganisha gharama zake za mwaka, maana baadhi ni ghali kuliko mifuko ya kawaida. Na ukumbuke, pesa taslimu iliyosubiri kwenye IRA nayo huingiza riba kidogo.

SWALI: Mhandisi, Seattle, mseja, mapato 190,000. Nasikia kuna mlango wa nyuma wa Roth.

JIBU: Upo, na ni halali. Unaweka 7,500 kwenye IRA ya kawaida bila kudai punguzo, kisha unazigeuza kuwa Roth, na unajaza fomu 8606. Mtego ni IRA nyingine za kawaida ulizonazo. Tuseme una 67,500 ulizohamisha kutoka kazi ya zamani. IRS inachanganya zote kwenye chungu kimoja cha 75,000, kwa hiyo asilimia 10 tu ya utakachogeuza haina kodi. Huwezi kusema "nageuza zile mpya tu". Dawa yake ni kuhamishia hizo 67,500 ndani ya 401(k) ya sasa kabla ya Desemba 31, kama mpango unapokea. Hesabu hutazama salio la siku hiyo.

SWALI: Nina miaka 54, nina kadi ya kijani, nafanya kazi Maryland. Nikifika 56 narudi Moshi moja kwa moja. Nina 401(k) na Roth IRA. Nizitoe zote kabla ya kupanda ndege?

JIBU: Usizitoe zote, kaka, na usihamishe 401(k) kwenda IRA kwa kusikiliza mtu yeyote kabla hujasoma mistari hii.

Kutoa kabla ya miaka 59 na nusu huongeza asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida. Lakini 401(k) ina msamaha ambao IRA haina: aliyeacha kazi katika mwaka anaotimiza 55 au baadaye anaweza kutoa kwenye mpango wa mwajiri huyo bila ile asilimia 10. Ukiondoka na 56, unaingia. Ukizihamishia IRA, msamaha umeutupa. Muulize msimamizi wa mpango kama wanaruhusu kutoa kidogo kidogo. Wengine hutaka uchukue zote kwa mkupuo, na hapo kodi inapanda ngazi.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, uliza nyongeza ya mwajiri imekuwa yako kwa kiasi gani. Pesa uliyokatwa ni yako tangu siku ya kwanza. Ya mwajiri inaweza kuiva yote kwa pamoja baada ya miaka hadi 3, au kidogo kidogo kuanzia mwaka wa 2 hadi wa 6. Kuna wanaoondoka wiki mbili kabla ya siku yao.

Roth IRA ndiyo mfuko wako wa dharura wa safari. Michango uliyoweka mwenyewe unaitoa wakati wowote bila kodi wala nyongeza. Faida ndiyo inayosubiri miaka 59 na nusu na akaunti kutimiza miaka mitano. Tunza kumbukumbu za kila mwaka ulichoweka, fomu 5498 inayotumwa na kampuni ya IRA inatosha.

Ukisharudisha kadi ya kijani na kuwa mgeni kwa sheria za kodi, mlipaji hukata asilimia 30 kwa kawaida, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania wa kuipunguza. Wala haina na Kenya wala Uganda. Mwenye uraia wa Marekani hakatwi hivyo. Anaendelea kujaza ritani yake popote alipo. Kwa hiyo kama utatoa kiasi kikubwa, piga hesabu ya kukitoa ukiwa bado mkaazi, katika mwaka ambao mshahara ulikuwa wa miezi michache tu. Kwa wewe uliyezaliwa baada ya 1960, ulazima wa kuanza kutoa 401(k) ni miaka 75. Roth IRA haina ulazima ukiwa hai.

Kampuni nyingine zikiona anwani ya Tanzania huzuia kununua mifuko mipya, na chache hufunga akaunti. Waulize kwa maandishi kabla hujaondoka. Na usiikate namba yako ya simu ya Marekani: msimbo wa kuingia kwenye akaunti unatumwa huko. Ihamishie kwenye mpango wa bei ndogo kabisa, au badilisha njia ya uthibitisho kuwa programu ya simuni ukiwa bado Maryland, maana kuthibitisha upya kwa simu kutoka Moshi kunaweza kuchukua wiki.